Bawa la Upande wa Furaha

Menno Boerema alifariki Jumapili asubuhi, ameketi kitini, kahawa yake haijapoa, na hadi Jumatano kinu chake cha upepo kilikuwa bado kinasherehekea.

Hilo ndilo lililokuwa linamla roho Aleida, binti yake. Kifo chenyewe angekivumilia; mzee alikuwa na miaka themanini na mmoja na alikwenda bila kusumbuka. Lakini kile kinu! Kilisimama juu ya tuta, mbele ya barabara, kila apitaye akione, na bawa lake la juu limeegemea kulia kama siku ya arusi. Kijiji kizima cha Wolderhuizen kilijua maana yake. Bawa likisimamishwa kabla halijafika kileleni, upande wa kulia, kuna furaha: mtoto kazaliwa, watu wanaoana. Likisimamishwa limeshapita kilele, limelala kidogo kushoto, kuna msiba. Tofauti ya hayo mawili ni hatua moja ya mtu mzima. Hatua moja, basi!

Na furaha ilikuwepo kweli, ndiyo balaa lenyewe. Jumamosi Lotte, binti wa Aleida, alijifungua mtoto wa kike, na mzee akaingia kinuni huku anapiga mluzi, akalisimamisha bawa kwa ajili ya kitukuu chake. Usiku mmoja tu ukapita, naye akaondoka.

Miaka arobaini na sita Menno alikiliza kinu, bawa likalala kushoto, kwa kila marehemu wa kijiji. Alikiliza kwa mkewe mwenyewe. Alikiliza hata kwa Harm Dijkema, jirani aliyemnunia miaka ishirini kwa sababu ya mtaro wa maji. Sasa zamu yake imefika, na kinu kinachekelea! Kesho Alhamisi, saa nane mchana, jeneza lingebebwa kwa miguu kupita barabara ya tuta, chini kabisa ya lile bawa. Aleida alitaka kitu kimoja tu duniani: lisogezwe hatua moja kabla baba hajapita.

Na hilo ndilo lililokatazwa.

Jumatatu alikuja Bwana Van Eerden wa Taasisi ya Vinu, ile inayosimamia urithi wa mkoa mzima, kijana mrefu mwenye viatu safi mno kwa watu wa matope. Alitoa pole, akanywa kahawa, akala biskuti moja, halafu akaenda kuifunga kamba ya breki kwa waya na lakiri nyekundu. Boriti inayobeba mabawa ya juu ina ufa, alisema. Mabawa yasiguswe mpaka mhandisi aje kuipima. Mhandisi angekuja baada ya wiki sita.

Tangu hapo Aleida alikuwa anapigwa danadana kwenye simu. Taasisi ilimtuma manispaa. Manispaa ikamtuma mkoani. Mkoani dada mmoja mwenye sauti tamu akamwambia ajaze fomu kwenye kompyuta. Akaijaza. Fomu ikauliza: mabawa yatazunguka mara ngapi? Akaandika "chini ya mara moja". Fomu ikakataa. Akaandika nusu, ikakataa. Akaandika sifuri, fomu ikamshukuru na kumjulisha kwamba asiyezungusha kitu hahitaji kibali, hivyo ombi lake limefutwa. Aleida aliifunga kompyuta kwa kishindo hata paka akatoka mbio.

Jumatano asubuhi akampigia tena Van Eerden.

"Bwana, nakuomba kwa mara ya mwisho. Hatua moja. Nitalivuta mwenyewe kwa mkono, polepole, kama navuta mtoto kwenye bembea."

"Mama Aleida, naelewa uchungu wako."

"Huelewi kitu! Ungeelewa usingeniambia wiki sita. Nimweke baba kwenye friji wiki sita?"

"Hicho kinu ni mali ya urithi, mama. Kina miaka mia mbili na thelathini. Bawa likianguka..."

"Basi nitundike kitambaa cheusi."

"Kutundika kitu chochote kwenye jengo la urithi nako kunahitaji kibali."

"Mungu wangu! Na kulia je? Nikisimama chini yake nikalia, nako mnataka fomu?"

"Mama, sikiliza. Ripoti ya ufa haikutoka kwetu. Ilitoka kwa..."

"Sitaki kujua ilitoka kwa nani!" Aleida alikata simu, akaitupa kwenye kikapu cha sufi.

Mchana wageni wa pole walijaa jikoni, na hapo nako ilikuwa vituko. Kwa sababu ya mtoto, mezani kulikuwa na mikate mikavu iliyopakwa siagi na kunyunyiziwa sukari ya rangi ya waridi yenye bizari tamu, kama inavyotakiwa kwa mzazi. Kwa sababu ya marehemu, pembeni kulikuwa na keki kavu ya msibani. Watu walisimama na vikombe vyao hawajui waanze na lipi, hongera au pole. Mama Dijkema, mjane wa yule Harm, alichukua vyote viwili, kimoja mkono huu kingine mkono ule, akasema kwa sauti ya kutosha kusikika:

"Nimepita barabarani nikaona kinu. Nikasema, ama kweli, wengine wanafurahi mzee kuondoka."

"Kula keki yako, Mama Dijkema," Aleida alimjibu, "kabla sijakusaidia kuimeza."

Mzee Roelof, rafiki wa marehemu tangu utotoni, alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa anaishi nyuma ya kinu, ng'ambo ya malisho, na kila siku ya Mungu alikuwa anakuja kucheza karata na Menno. Leo alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile cha kila siku, macho mekundu, mdomo haujapumzika.

"Leida, kigeuze kichwa, kile cha juu kinachobeba mabawa. Lakiri iko kwenye breki, haiko kwenye kichwa. Kigeuze kitazame kwangu, barabara kiipe kisogo."

"Na upepo huu wa kusini-magharibi, Mzee Roelof? Ukikipiga kisogoni si utaking'oa kichwa chote?"

"Kweli. Menno angenitukana." Akanywa kahawa. "Unajua sisi watu wa nyuma tulivyoteseka na hicho kinu? Mama yangu alikuwa mgeni, kaolewa kutoka mjini, hakuna aliyemweleza. Siku anaoa mjomba wako, mama akachungulia dirishani, akaona bawa limelala kushoto. Akavaa nyeusi tupu. Akaoka keki ya msiba, akavuka malisho analia kwa sauti, akaingia ukumbini katikati ya ngoma na kumkumbatia bwana arusi. 'Pole sana mwanangu, ndiyo dunia!'"

Jiko zima liliangua kicheko, hata Mama Dijkema. Aleida hakucheka. Alikuwa anaangalia saa ya ukutani, na saa ilikuwa inakwenda.

Saa tisa aliwaacha wageni na vikombe vyao, akachukua koleo kwenye sanduku la vifaa na kutoka kwa mlango wa nyuma. Alikuwa amekwishaamua. Waya ni waya, lakiri ni nta tu. Wampeleke mahakamani wakitaka. Alipanda ngazi za kinu zile alizozipanda tangu anatambaa, akafika kwenye kamba ya breki, akaushika waya kwa meno ya koleo.

Mkono haukukaza. Kila mara baba aliposhika kamba ile, kabla ya yote, alifungua daftari la kinu na kuandika: tarehe, upepo, kazi. Asiyeandika si mtu wa kinu, ni mwizi wa upepo, ndivyo alivyomfokea alipokuwa na miaka kumi. Haya, Baba, hata hilo utalipata, alisema moyoni. Akalitwaa daftari msumarini, akatafuta kalamu, akafungua ukurasa wa mwisho.

Maandishi ya Jumamosi yalikuwa ya baba, makubwa, yamepinda kidogo.

"Upepo wa kusini-magharibi, wa kiasi. Nimelisimamisha bawa la furaha kwa mtoto wa Lotte. Kilo tatu na nusu! Wakati wa kufunga breki nimesikia boriti inalia. Nimeitazama kwa darubini, ina ufa tangu kwenye bolti hadi urefu wa mkono. Nimewaandikia Taasisi waje kufunga breki. Tangu sasa asiyaguse mtu haya mabawa, hata hatua moja, mpaka mhandisi aipime. Hasa Leida, maana namjua."

Aleida alisoma mara tatu. Kisha akakaa kwenye mbao, koleo mapajani.

"We mzee!" alipiga kelele, na sauti ikapanda mpaka kwenye magurudumu ya mti huko juu. "Mkorofi wewe! Siku tatu nzima natukana watu wa simu, kumbe ni wewe! Ungekiliza kwanza ndipo uandike, ungepungukiwa nini?" Lakini alijua. Mzee alikuwa hajui kwamba anakufa. Alikuwa anajua kwamba amepata kitukuu. Alilia sasa, kilio chake cha kwanza tangu Jumapili, akijifuta kwa mkono wenye grisi. Angeweza kumvunjia sheria Van Eerden bila kujuta. Kumvunjia baba yake asingeweza.

Alilirudisha daftari msumarini. Alitoka kwa mlango wa nyuma wa kinu, ule wa kutolea vumbi, kwa sababu hakutaka wageni wamwone uso. Alishuka kwenye malisho ya Roelof na kutembea tu, matope mpaka kwenye vifundo, hajui anakwenda wapi. Karibu na mfereji aligeuka kukitazama kinu, apate cha kukitukana.

Akasimama pale pale kwa muda mrefu. Halafu akarudi nyumbani anakimbia, akamkuta Roelof anavaa kofia aondoke.

"Mzee Roelof, lile geti lako la ng'ombe lina upana gani?"

"Trekta linapita. Kwani vipi?"

"Jeneza litapita?"

Roelof alimtazama. "Litapita," alisema. "Nitawafungia ng'ombe."

Alhamisi mvua ilinyesha, na yule msimamizi wa mazishi, bwana aliyezoea mambo kwenda kwa ratiba, nusura azimie.

"Bibi Boerema, tumepanga barabara ya tuta! Malishoni kuna tope! Wabebaji wangu wana viatu vya ngozi!"

"Wavue."

"Na ni mbali mara tatu!"

"Baba hana haraka."

Wakaenda hivyo hivyo. Waliacha barabara kwenye kona, wakaingia geti la Roelof: wabebaji sita na mabuti ya kuazima, mchungaji amepandisha joho magotini, Lotte na kitoto kifuani chini ya koti, na kijiji kizima nyuma yao kinateleza, kinashikana mikono, kinanung'unika. Aliyenung'unika zaidi ni Mama Dijkema. Kiatu chake kimoja kilimezwa na tope na hakikuonekana tena.

"Tumekosa nini sisi?" alilalama. "Barabara ya lami ipo! Huyu Aleida kachanganyikiwa, na mimi mtu mzima nina..."

Hakumaliza. Walikuwa wamefika katikati ya malisho, na watu wa mbele walikuwa wamesimama. Kinu kilikuwa juu yao, kimewapa kisogo, na dhidi ya mawingu ya mvua bawa la juu lilikuwa limepita kilele, limelala kidogo kushoto.

Wanaume walivua kofia. Hakuna aliyewaambia. Mama Dijkema alisimama kwa mguu mmoja wenye soksi, akaweka mkono mdomoni.

"Kumbe mama alikuwa sahihi," Roelof alisema, na akalia waziwazi mbele za watu.

Mbele ya kinu, upande wa barabara, Bwana Van Eerden alikuwa amesimama peke yake chini ya mwavuli, na shada kubwa la maua la Taasisi, anasubiri msafara usiofika. Alipowaona kwa mbali aliduwaa, halafu akashuka tuta na viatu vyake safi, akaja anateleza, anainuka, anateleza, mpaka akafika anahema, matope mpaka kiunoni.

"Mama Aleida! Jana nilitaka kukuambia, ile ripoti..."

"Najua. Ya baba. Tazama juu, mwanangu."

Akatazama. Macho yakaenda moja kwa moja kwenye bawa, kisha yakarudi kwake na hofu ndani yake. "Mmeligusa?"

Aleida hakumjibu yeye. Alikwenda mpaka kwenye jeneza, akaweka kiganja chake chenye grisi ya jana juu ya mbao zilizolowa.

"Hatujaligusa, Baba," alisema. "Hata hatua moja. Tumetembea sisi."