Walikuja na Majembe

Vumbi la Same, jekundu, lenye kiherehere, wewe unayepanda gari kabla ya abiria: unanijua. Ulinikalia kwenye nyusi siku niliposhuka kutoka Mbaga na begi moja, cheti cha chuo, na sauti ambayo chumbani haifiki mlangoni.

Mimi ni Justa. Mbele ya watu natazama viatu vyangu. Mbele ya kamera, sijui kwa nini, natazama juu.

Filamu ya kwanza nilicheza mfanyakazi wa ndani. Walichukua uso wangu, wakachukua machozi yangu, halafu maneno yangu wakampa msichana mwingine ayaseme studio, kwa sababu matamshi yangu, walisema, yananuka mlima. Niliporudi nyumbani, mama aliitazama kwenye simu, akaisogeza sikioni, akaitoa.

"Justa, mdomo ni wako. Huyu anayeongea ni mtoto wa nani?"

Jirani yetu Wilbard akadakia: "Kameza mtu wa Dar huyo."

Nikacheka nao. Kisha nikaenda kukata majani ya ng'ombe, nikalia kwenye migomba.

Vumbi, sikiliza. Kulia nimeshalia.

Filamu ya pili tukaipiga nyumbani, milimani. Nafasi kubwa: mwanamke anayewaita wanakijiji kwenye msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja, wakazibue mfereji. Isihaka, mwongozaji, mtu mpole, akaniambia, "Dada Justa, wewe fungua mdomo tu. Sauti tutaweka baadaye."

Nikatazama viatu vyangu.

"Kaka, basi na uso mtafute mwingine."

Nafasi niliyoingoja miaka mitatu, nikaitupa bondeni kama ganda la ndizi. Sikuinama kuiokota.

Akapumua. "Haya. Ita mara moja, tusikie."

Nikapanda jiwe. Nikaita kwa Kichasu, lugha yetu ya mlimani, vile mama anavyoita, nikalivuta neno la mwisho mpaka likavuka bonde, likagonga mwamba, likarudi limeshiba.

Halafu, ng'ambo, mtu akaitika. Na mwingine. Na mwingine. Hawakuwa waigizaji. Baadaye kidogo wakatokea kwenye njia, wanaume kwa wanawake, Mzee Sadock mbele na mabuti ya mvua, majembe mabegani.

"Shikamoo, mzee," nikasema, uso unawaka.

"Marahaba. Mfereji umeziba wapi?"

"Haujaziba. Tunacheza filamu."

Akanitazama, akaitazama kamera, akatua jembe. "Filamu. Na mimi nimeacha makande motoni."

Isihaka hakucheka. "Sauti ibaki," akasema.

Sasa simu zinaita kutoka Dar, zinaita kutoka Nairobi. Naenda. Naenda na mdomo wangu na kilichomo ndani yake. Anayetaka uso usio na sauti, akachonge kinyago.

Leo mchana, ukumbini Same, mapazia yamefungwa. Mwanga wa projekta unapita juu ya vichwa, na wewe, vumbi, umo ndani yake, hujamkalia mtu, umewaka chembe kwa chembe. Ukutani mwanamke anapanda jiwe. Anaita. Na mstari wa tatu, katikati ya ukumbi ulionyamaza, mama anasimama, anashika kitenge chake, anaitika.