Aliyevaa Nguo za Kimya

Kuna usingizi wa kupumzika na kuna usingizi wa kuitwa. Bi. Sikudhani Mkwizu, mkutubi mkuu wa chuo kikuu kimoja cha bara, alipolala mchana ule hakupumzika hata kidogo. Mimi nasema aliitwa. Anayebisha na abishe, lakini kwanza akae asikilize.

Siku yenyewe ilimwendea kombo tangu asubuhi. Alasiri ile baraza la chuo lilikuwa likutane kuamua habari ya Ukumbi Mkuu wa Kusomea: ama kuta zake za ndani zivunjwe, vipatikane vyumba vya wanafunzi kujadiliana, meza za kukaa kwa makundi na kompyuta za kutosha, ama ubaki ulivyo, safu baada ya safu ya viti, kila mtu akitazama kisogo cha mwenzake, na bango la KIMYA TAFADHALI kwenye kila nguzo. Wajumbe walikuwa wamegawanyika nusu kwa nusu, wakakubaliana kwamba neno la mwisho litakuwa la mkutubi. Akikubali, mafundi wanaingia likizo hiyohiyo. Akikataa, mafundi wale watapelekwa kujenga maegesho ya magari, na maktaba haitaguswa tena mpaka wengi wa wajumbe wale wawe wamestaafu. Naye moyoni alikwishakataa. Ukumbi ule aliupenda kama mtu anavyopenda nyumba aliyoijenga kwa jasho lake, na kuuona umejaa soga za vijana na milio ya mashine, lo, bora afe kwanza.

Kilichomtibua zaidi ni alichokikuta chini ya ngazi. Wanafunzi wa uuguzi walikuwa wamejikunyata pale, mmoja akiwasomea wenzake kwa sauti ya chini kitabu cha ukunga, kitabu ambacho chuo kizima kina nakala moja tu na ambacho wahudumu walikuwa wamekitafuta hadi wakachoka. Kumbe msichana huyo, Leokadia, alikuwa akikificha nyuma ya vitabu vya sheria. Ndio mtindo wa pale, kila mwanafunzi anaujua: ukipata kitabu adimu, unakizika kwenye rafu isiyo yake, ili kesho ukikute wewe na si mwingine.

"Umeiba," alisema Bi. Sikudhani.

"Sijaiba, mama. Hakijatoka humu ndani."

"Umekificha. Na juu ya hayo unanipigia kelele maktabani."

"Mama, shikamoo kwanza, maana hujatupa hata nafasi ya kukuamkia. Kitabu ni kimoja na sisi ni darasa zima. Nikikisoma peke yangu kimyakimya, wenzangu wanafeli. Nikiwasomea, mnatufukuza. Huko nje kwenye vimbweta mvua inanyesha. Twende wapi?"

Bi. Sikudhani hakuitikia shikamoo wala hakujibu swali. Alinyoosha kidole kuelekea mlangoni, nao wakatoka, wakaenda kukaa kwenye vimbweta, yale mabenchi ya zege yasiyo na paa, wamejifunika mitandio. Bwana Chediel, msimamizi wa kompyuta, aliyaona yote akiwa koridoni. "Bi. Mkubwa, leo umekamata majambazi sugu," alimtania. "Hata mbuzi wa mlinzi wana banda, mvua ikinyesha." Akamjibu, "Chediel, niondolee uchuro hapa," akajifungia ofisini. Chakula cha mchana kilimshinda. Aliweka kichwa juu ya meza, lile swali la twende wapi likimzunguka kama nzi aliyeingia chumbani, na usingizi ukamchukua akiwa bado amekasirika.

Akajikuta kwenye uwanda mweupe usio na mti wala kivuli, na mbele yake mji uliozungushiwa ukuta wa migongo ya vitabu, vitabu vikubwa kama milango, vyote vimefungwa. Langoni palikuwa na dirisha la kuacha mizigo, kama lile la maktabani kwake wanapoacha mabegi, ila hapa watu hawakuacha mabegi. Waliacha sauti zao. Mpokeaji, mwanamke mnene aitwaye Desturi, alizitwaa moja moja na kuzitundika kwenye misumari ukutani, zikaning'inia kama nguo mbichi. "Utaichukua ukitoka," alimwambia kila mtu. Bi. Sikudhani alipendezwa na utaratibu ule, lakini akauliza, kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi, "Na wanaosahau kuichukua?" Desturi akapiga mwayo. "Wengi husahau," akajibu, akanyoosha mkono apokee na ya kwake.

"Huyu mwache na yake," ilisema sauti nyuma yao. Alikuwa mwanamke mrefu, miguu imejaa vumbi, kanga ameifunga kiunoni kama aliyetoka shambani, na macho yake hayakutulia mahali pamoja. "Mimi ni Udadisi. Wasionipenda huniita Kiherehere, wala sichukii. Tembea nami, bibi, ila nakuusia jambo moja: katika nchi hii wengi wamevaa nguo zisizo zao. Usimsujudie mtu kabla hujamuuliza swali."

Wakaingia mtaa wa kwanza, na ardhi yake ilikuwa mashimo matupu. Mwanamume mmoja mwenye kucha ndefu alikuwa akichimba, anafukia kitabu, anakanyagia udongo, anahama, anachimba tena, huku akisema, "Kesho nitakikuta, kesho nitakikuta." Kisha alirudi kwenye shimo lake la kwanza, asilione, akalia kwa uchungu kama aliyefiwa, maana alikuwa amesahau mahali alipoficha kila kitu alichokuwa nacho. "Choyo!" alifoka Bi. Sikudhani. "Huyu ndiye anayeniharibia maktaba. Afungwe!" Udadisi akatikisa kichwa. "Huyu hakuzaliwa hivi. Alilelewa. Penye sahani moja, na hapana mkeka wa kukalia pamoja, kila mtu hukimbia na tonge lake. Ukitandika mkeka, utashangaa ni wangapi wataacha kukimbia." Bi. Sikudhani akaruka shimo moja, akasonga mbele bila kukubali.

Mtaa wa pili uling'aa mpaka ukaumiza macho. Kila mtu aliketi mbele ya kioo chenye mwanga, na kijana mmoja aitwaye Papara alikuwa akifungua mlango mmoja ndani ya kioo, kabla hajaingia anafungua mwingine, na mwingine, asiingie popote. Dada yake Upweke alikuwa ameketi bega kwa bega naye na machozi yakimtiririka, asijue wa kumpangusa. Hapo mkutubi wetu alipiga kofi kwa ushindi. "Si nilisema! Mnataka kuniletea haya! Watoto watakodolea mashine macho mpaka wawe mazuzu." Udadisi hakumpinga. "Umeona kweli, wala sitakuficha," alisema. "Mwanga huu unaleta vitabu vya dunia nzima mbele ya mtu mmoja, na mtu mmoja hana tumbo la kula vyote. Angekuwa na mwenzake wa kumuuliza, 'Hapo umeelewa nini?', angetulia kwenye mlango mmoja. Mashine si adui yako, bibi. Adui ni kumwacha mtu peke yake nayo."

Kisha wakafika kwenye jumba la katikati ya mji, na moyo wa Bi. Sikudhani ukampasuka kwa furaha, kwa maana lilikuwa ni ukumbi wake mwenyewe, ila umekuzwa mpaka paa halionekani. Maelfu waliketi kwa safu, kila mmoja akitazama kisogo cha mwenzake, na hapakusikika hata pumzi. Mbele kabisa, juu ya kiti cha enzi, aliketi mmoja aliyevaa nguo nyeupe na shela usoni, kidole midomoni. Bi. Sikudhani alianguka magotini. "Bibi Kimya," alisema huku machozi yakimtoka, "nimekutumikia tangu ujana wangu. Niambie nimefanya vyema."

"Muulize swali," alisema Udadisi.

"Ataongeaje, naye ni Kimya?"

"Kimya hujibu. Kimya ni utulivu wa anayesikiliza, na anayesikiliza huwa na la kusema wakati wake ukifika. Muulize."

Bi. Sikudhani alitafuta swali, na katika moyo wake wote halikuwemo jingine ila lile moja. "Wale niliowatoa leo," akasema, "waende wapi?"

Kidole midomoni kikatetemeka. Shela nayo ikatetemeka, ikaanguka, na chini yake palikuwa na uso mwembamba uliokonda, macho yakirukaruka kuelekea mlangoni. Nywele za Bi. Sikudhani zikamsisimka. "Wewe si Kimya!"

"Mimi ni Hofu," alisema yule, na sauti yake ilikuwa kama ya mtoto aliyeamshwa ghafla. "Wakisema, watauliza. Wakiuliza, itajulikana kwamba yapo usiyoyajua. Nilikaa hapa ili wasiulize."

"Nani alikupa nguo za bibi yangu?"

"Wewe. Ulinivika mwenyewe, kidogo kidogo, kila ulipomnyamazisha mtu kabla hujasikia anasema nini."

Lo, msomaji, kuna maneno yanayokata pasipo kutoka damu. Bi. Sikudhani alitaka kukana, lakini alikuwa katika nchi ambayo uongo hauna pa kukanyaga. Udadisi akamshika mkono, akampitisha mlango wa nyuma, wakatokea kwenye baraza pana lenye meza za duara. Bibi mmoja wa mikono mikubwa, Ushirika, alikuwa akisogeza viti ili anayekuja apate nafasi. Pale mmoja alisoma kwa sauti na wengine wakimkatiza kwa maswali. Hapa watu walichora hesabu ukutani, wakabishana, wakafuta, wakachora tena. Na mbele ya kioo kimoja chenye mwanga vichwa sita vilikuwa vimeinama pamoja, vikibishana na mwalimu aliyekuwa nchi ya mbali. Kelele zilikuwepo, mimi sitawadanganya. Zilikuwa kelele za jikoni kwenye harusi, ambapo kila mtu anasema na pilau linaiva. Pembeni ya baraza palikuwa na chumba kidogo, mlango wazi, na humo aliketi mwanamke mwenye kanga iliyochujuka, mikono mapajani, akisikiliza. Kila baada ya muda mtu alitoka mezani, akaingia kwake, akakaa akifikiri, kisha akarudi kwa wenzake akiwa na neno jipya.

"Karibu, mwanangu," alisema Kimya. "Umenitafuta mbali."

"Bibi, mbona unakaa jirani na makelele?"

"Tuna ukuta kati yetu, hatuna ugomvi. Aliyekwisha kusema na wenzake huja kwangu kwa miguu yake. Anayeletwa kwa fimbo hanioni mimi, humwona yule uliyemvika. Mimi nilikuomba chumba, mwanangu. Ukanipa jela, na watu wote ukawafungia humo pamoja nami." Hakusema kwa hasira. Bi. Sikudhani akaangua kilio kwa sauti kubwa, mbele ya watu, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Mlango uligongwa. "Bi. Mkubwa," aliita Chediel, "wajumbe wameshakaa, wanakungoja wewe tu." Bi. Sikudhani aliinua kichwa, shavu likiwa na alama ya ukingo wa meza. Akafungua mlango, akamtazama yule mtu aliyesimama pale, na hapo ndipo maana ilipomfunukia yote: tangu kompyuta ziingie maktabani, hajawahi kumuuliza Chediel swali hata moja. Hakuchukia kelele. Alichelea siku ambayo mwanafunzi angemuuliza jambo mbele ya kioo kile, naye asijue pa kubonyeza.

"Chediel," alisema, akivaa viatu, "kesho utanifundisha mitambo yako. Kuanzia mwanzo kabisa."

Chediel alitafuta utani, akaukosa. "Nitakufundisha, dada," akasema.

Kwenye mkutano wa baraza la chuo, Profesa Rwegoshora, kiongozi wa waliopinga, alimpokea kwa tabasamu. "Mkutubi wetu, tupe neno tumalize. Kimya cha ukumbi ule ndicho heshima ya chuo hiki."

Bi. Sikudhani alisimama. "Vunjeni kuta," alisema. "Wekeni meza za duara na kompyuta, na kila kompyuta iwe na viti vya kukaa watu kadhaa. Kimya mkijengee chumba chake pembeni, chenye mlango usio na kufuli."

Wajumbe walitazamana. Profesa akavua miwani. "Bi. Sikudhani! Nawe ulikuwa upande wetu. Kelele zote hizo utazifanyaje?"

"Kelele tutazifundisha adabu, Profesa," alijibu. "Ni hofu ndiyo haifundishiki. Nimeishi nayo humo ndani, nikiiita kimya."