Wadudu wa Mama Mkwe

Mume wangu alipoweka boksi la wadudu kwenye friji, kati ya maziwa na mayai, nilisogeza mayai kulipisha. Hoho zetu kwenye kitalu nyumba zilikuwa zimevamiwa na vidukari, vile vidudu vya kijani vinavyofyonza majani na kuyaacha yananata kama yamemwagiwa soda. Ndani ya boksi walilala wadudu kobe, wekundu wenye madoa meusi, ambao chakula chao ni vidukari. Tungewaachia jioni. Na mume wangu alikuwa amemwahidi mama yake kwamba hoho zikifa safari hii, anavunja kitalu na kurudi kuuza misumari dukani kwa mjomba.

Kwa hiyo mama mkwe alikuja kuangalia maiti za hoho. Asubuhi alizunguka kitalu chote akijipenyeza kati ya mistari, gauni likifagia majani, kisha akahamia jikoni kwangu kukagua friji. Mama huyu hajawahi kuona kifuniko akakiacha. Alilitoa boksi, akaliweka karibu na jiko, akalifungua ajue mkwewe anaficha nini.

Niliporudi kutoka kuanika nguo, wadudu walikuwa wameamka kwa joto. Walikuwa kwenye pazia, kwenye taa, kwenye sukari. Mama mkwe alikuwa ameshika dawa ya mbu, kidole tayari.

Tangu niolewe nilikuwa sijawahi kumwamrisha.

"Mama, naomba uweke chini hiyo dawa," nikamwambia. "Ukipuliza, umetuua sisi."

Aliniangalia kama nimemtukana, akaiweka, akatoka kwenda kitaluni kunishtaki kwa mwanawe. Hapo ndipo nilipoliona gauni lake. Lilikuwa linanata utamu wa vidukari kuanzia kiunoni hadi pindoni, na wadudu kobe walikuwa wamelijaa wakilamba. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Cha kutuokoa nacho kilikuwa nguoni mwa mama mkwe. Nikamfuata, nikimwomba Mungu asijikung'ute.

Kitalu kizima kilisikia mashtaka yangu. Mume wangu akatazama gauni, akanitazama mimi.

"Mama," akasema taratibu, "simama hapo hapo, usitikisike."

Alisimama kati ya hoho mpaka mdudu wa mwisho akashukia jani, na muda wote huo hakusema neno. Baba mkwe hajaamini hadi leo.

Hoho zilipona. Siku hizi mama mkwe akipiga simu hatusalimii kwanza. Anauliza kama wadudu wake wamekula. Na mjomba alipotaka kujua mpwa wake anarudi lini dukani, mama mkwe ndiye aliyemjibu kwamba atafute mtu mwingine wa misumari.