Gemu ya Dumu la Manjano

Mkwe wangu Lomayani alikuwa ananisalimia kupitia ukuta. Si kwa dharau. Yeye ni Mwarusha wa upande ule wa magharibi ya mlima, na kwao mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake, wala hamtazami usoni. Sisi Wameru nasi tuna heshima zetu, lakini ya kwao imezidi. Basi kila asubuhi nasikia nje ya dirisha la jikoni:

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, wewe ukuta," najibu. "Umeamkaje? Chokaa haijabanduka?"

Anacheka kwa pua, maana kucheka mbele ya mkwe nako ni kosa, hata kama huyo mkwe humwoni.

Alikuja kukaa kwangu Akheri kwa sababu ya mke wake, mwanangu Eunike. Walikuwa na kibanda Kijenge. Ile miaka soko huria lilipofunguliwa na kila kitu kikawa kinashushwa Arusha, mitumba, televisheni, viatu vya plastiki vinavyonuka kuliko miguu yenyewe, Lomayani alikuwa anatengeneza redio upande mmoja wa kibanda, na upande wa pili Eunike anachezesha gemu. Televisheni moja, mashine moja ya Kichina, benchi moja, vijana wamebanana kama ndizi kwenye mkungu. Walimwita Kocha. Hakuna aliyemshinda.

Gemu waliyoipenda ilikuwa ya kajitu kanakopanda mnara, ngazi baada ya ngazi, huku popo wanakasumbua. Juu kabisa kuna mlango mwekundu. Kijenge nzima hakuna aliyejua nyuma ya ule mlango kuna nini. Safari ilikuwa ndefu, na wakati ule kulikuwa na mgao wa umeme. Kabla hujafika, umeme umekatika. Ukirudi unaanzia ngazi ya kwanza, kama mtoto aliyefukuzwa darasa la saba akarudishwa la kwanza. Eunike alishafika hadi kajitu kakashika kitasa. Umeme ukaenda. Vijana walitoka nje wameshika vichwa, wapita njia wakauliza nani amefariki.

Kisha moyo ukaanza kumsumbua. Daktari akasema umekuwa mkubwa kupita kiasi. Nikamwambia, daktari, huo si ugonjwa, amezaliwa nao. Hakucheka. Hapo ndipo nilipoelewa.

Tukamleta nyumbani. Miguu imevimba, pumzi fupi, halali ila ameegemea mito. Mimi nikikaa naye, Lomayani yuko nje. Akitaka kuingia anakohoa, mimi napitia mlango wa jikoni, yeye anapitia wa mbele. Tulipokezana hivyo kama walinzi wa benki.

Mchana mmoja nilikuwa namnywesha mtori wa ndizi, Eunike akasema, "Mama, unajua kinachoniuma? Nitaondoka sijajua nyuma ya ule mlango kuna nini."

"Wewe mtoto wa Kilutheri," nikamwambia. "Umebatizwa, umepata kipaimara, mchungaji hakukufundisha?"

"Ule mwingine, mama. Mwekundu."

Akacheka mpaka pumzi ikamwishia, nikamshika mgongo mpaka ikarudi. Nyumba yangu haikuwa na umeme hata wa kukatika. Nikaona yameishia hapo. Lakini ukuta ulikuwa unasikia.

Kesho yake Lomayani alishuka Kijenge, akarudi na ile mashine ndani ya mfuko wa rambo. Akakaa chini ya chanja yangu ya kuanikia kahawa, akaivunja kwa bisibisi. Nilichungulia nikasema moyoni, huyu mwanamume anabomoa duka lake.

Akatoa ubao wa ndani, wa kijani. Alikuwa na televisheni ya kiganjani, kioo chake kama kiberiti, ambayo mtalii alimwachia dereva mmoja wa Sekei, na dereva alipoona haishiki stesheni akampa yeye. Akataka kuviunganisha vyote viwe kitu kimoja cha kushika mkononi, mgonjwa acheze amelala. Ganda alilipata kwenye dumu la mafuta ya kula, la manjano. Alilikata, akalikunja kwa moto, akatoboa matundu ya vitufe. Chuma cha kulehemu alikipasha kwenye jiko langu la mkaa. Wiki nzima chai yetu ilinuka risasi ya kulehemu.

"Mkwe, unapika nini huko?"

"Umeme, mama."

"Ongeza chumvi."

Mara ya kwanza waya zilipishana. Eunike akibonyeza kulia, kajitu kanakwenda kushoto. "Huyu amekunywa mbege," akasema. Lomayani akafungua tena, akalehemu tena. Ikakubali. Nilimwona mwanangu na kile kidumu mikononi, mwanga wa kioo unamcheza usoni, na vidole, vile vilivyoshindwa kushika kijiko asubuhi, vinakimbia. Nikatoka kwenda kuangalia mbuzi. Mbuzi hawakuwa na shida yoyote.

Shida ilikuwa mawe ya redio, zile betri kubwa. Kidumu kilikuwa na mkia wa waya unaoingia kwenye furushi la mawe, yamefungwa kwa karatasi ya boksi, yamewekwa chini ya mto. Na kilikuwa kinakula mawe kama mgeni wa harusi. Kajitu hakajafika hata nusu ya mnara, kioo kinafifia. Tukafanya kama kila mtu anavyofanya: mawe yaliyochoka tukayaanika juani yapate nguvu, juu ya chanja, pembeni ya kahawa. Mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walikuja na bei ya kututukana, hivyo pale chanjani chenye thamani kilikuwa mawe. Lakini nguvu ya jua ni ya kuazima. Kajitu kalipanda ngazi mbili tatu, kakalala.

Na Eunike naye alikuwa anafifia. Sasa alicheza mchana tu, kati ya usingizi na usingizi, na kila siku muda huo ulikuwa mfupi zaidi.

Ng'ambo ya mfereji anakaa mzee Solomoni. Huyu alikuwa na mawe mapya siku zote, kwa kazi moja: matangazo ya vifo. Jioni ikifika anavaa koti, anakaa kitini, anawasikiliza marehemu wa nchi nzima, anaotea nani anamjua. Muziki ukianza anazima, mawe yasiishe bure. Kumwomba mzee Solomoni mawe yake ilikuwa kama kumwomba mchungaji Biblia yake ukafungie karanga.

Sikumwomba. Alikuja mwenyewe, mawe yamefungwa kwenye leso.

"Nasikia mtoto anahitaji," akasema.

"Na vifo, mzee?"

"Waliokufa wanakwenda wapi, mama Eunike? Wataningoja."

Mchana huo ilikuwa zamu yangu ndani. Lomayani alifunga yale mawe, akanipitishia furushi dirishani bila kunitazama, akabaki nje, kichwa amekilaza ukutani. Eunike akaanza. Mimi gemu siijui, nilikuwa namtazama yeye. Alikuwa amekunja midomo kama alipokuwa mdogo anajifunza kuandika jina lake. Kidumu kinalia tiii, tiii. Popo wakamkosa. Kioo hakikufifia. Kisha akanishika mkono.

"Mama, tazama. Kitasa."

Mlango mwekundu ukafunguka. Kajitu kakaingia. Kioo kikawa cheusi kidogo, muziki ukapigwa, halafu nikaona mnara, na chini ya mnara kajitu, kamesimama kwenye ngazi ya kwanza.

"Imerudia," nikasema. "Mawe yameisha?"

"Hapana. Ndiyo yenyewe." Akashusha sauti. "Nyuma ya mlango ni ngazi zile zile, mama. Ila popo wamekuwa wengi."

Akaanza kucheka, bila sauti, mabega tu.

"Usimwambie Lomayani," akaninong'oneza. "Amevunja mashine kwa ajili ya hii. Mwambie kuna sherehe. Wewe uongo unauweza."

"Nauweza," nikasema. Akaendelea kucheza, akazipanda zile ngazi upya kwa starehe tu, mpaka akasinzia, kidumu kiko kifuani, na muziki wake unaendelea peke yake.

Alifariki siku ya Jumapili, watu wakiwa ibadani. Ilikuwa zamu ya Lomayani.

Jioni ya tangazo la kifo chake redioni, Lomayani aliyatoa yale mawe kwenye furushi, akayapangusa moja moja kwa shati lake, akampelekea mzee Solomoni. Mzee akavaa koti, akavuka mfereji na redio, akaiweka uani kwangu, katikati ya waombolezaji. Tukasogea wote karibu. Msomaji akasema Bwana Lomayani wa Arusha anasikitika kutangaza kifo cha mke wake mpendwa, Eunike. Akasema habari ziwafikie. Akataja jina moja la shangazi, na sauti ikaanza kuzama, kama mtu anayeondoka huku anazungumza, ikaisha.

Mzee Solomoni aliifungua redio, akayatoa mawe, akayang'ata kidogo kama tufanyavyo, akayarudisha. Akatikisa. Kimya.

"Ameyamaliza," akasema. Akalivua lile koti, akalikunja juu ya magoti.

Baada ya matanga Lomayani alikuja kuaga. Nilikuwa jikoni naosha masufuria ya watu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, ukuta."

"Siku ile alifika. Nilisikia anasema kitasa. Mimi hakuniambia, alisema nikuulize wewe. Nyuma ya mlango kulikuwa na nini?"

Nikamweleza. Uongo nilikuwa nimeuandaa vizuri: sherehe, taa za rangi, watu wamevaa, meza imejaa, kajitu kamekalishwa kwenye kiti cha heshima. Na muziki, nikasema, muziki wa kukata na shoka.

Nikachukua sufuria nyingine.

"Mama," akasema, "mimi ni fundi redio. Muziki niliusikia. Ni ule wa ngazi ya kwanza."

Sufuria ikanitoka mkononi.

"Basi," nikasema, "walikosa bendi nyingine."

Akacheka kwa pua. Halafu kile kicheko kikaharibika, na nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwa mwanamume wa Kiarusha.

Nikakausha mikono, nikatoka, nikazunguka nyumba. Aliponiona aligeuza uso, kama inavyompasa. Nami nikageuka, nikakaa chini, mgongo kwa mgongo, katikati nikaacha nafasi ya kuku kupita. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Kidumu cha manjano kilikuwa mapajani mwake, mkia wa waya unaning'inia bila mawe, na nilikuwa nasikia vidole vyake vinabonyeza vitufe: juu, kushoto, juu, kushoto, juu.