Mistari Mitatu ya Juu

Kwetu Bungoma mkwe na mke wa mwanawe hawabanani. Hawapeani mikono, hawapokezani kikombe, na mmoja akiingia mlango huu mwingine hutokea ule. Kijijini si shida, maana nafasi ipo. Lakini hapa mjini nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, ina chumba kimoja na jikoni, na aliyekabidhiwa funguo zake ni Mzee Opicho, baba wa mume wangu, tangu siku za kazi yake katika kiwanda cha sabuni. Yeye alilala chumbani. Mimi, Patrobas na mtoto wetu Triza tulilala jikoni, sufuria zikituning'inia juu ya vichwa.

Basi kila Mzee alipotaka kuoga, au kula, au kuvua shati kwa sababu ya joto, mimi nilimbeba Triza nikatoka. Nilienda uwanjani. Ulikuwa pale mbele ya nyumba zetu, nyuma kidogo ya soko la Jericho, nyasi tupu na miti minne ya jakaranda. Triza alinyonya pale, akatambaa pale, na pale ndipo aliposimama mara ya kwanza, ameshika kidole cha jirani yangu Wavinya.

"Wenzako wana sebule ya makochi mawili," Wavinya alikuwa akinitania. "Wewe yako haina hata ukuta. Tajiri wewe!"

Jumamosi moja ya Februari, mwaka wa tisini na sita, bwana mmoja wa ofisi ya nyumba alituita uwanjani hapo. Alisema wakubwa wanafikiria habari ya wapangaji waliobanana, ila kwanza wangependa kujua waliofika mkutanoni ni kina nani. Akauliza nani ana mwandiko mzuri. Watu wakanigeukia mimi.

Miaka miwili nilikuwa nimesoma darasa la jioni kwa Mwalimu Kanyiva. Nilikuja mjini nikijua kuandika jina langu tu, tena kwa kulikunja kama mtu anayeshona gunia. Siku hiyo nilipewa karatasi ya fulskepu na biro, nikahisi kifua kimejaa. Kama tulivyofunzwa, niliandika kwanza kwenye daftari langu, kisha nikanakili kwa usafi: majina hamsini na nane, na namba za nyumba. Wasiojua kuandika waliweka kidole gumba. Mzee Opicho alisimama mbali kwa heshima, akamtuma Wavinya amletee karatasi na kidau cha wino, akaweka kidole chake, kisha akairudisha karatasi kwa mkono wa Wavinya.

Mistari mitatu ya juu niliiacha wazi. Darasani kwetu kichwa cha habari huandikwa na mwalimu ubaoni, sisi tunafuata chini yake. Nilidhani ndivyo ilivyo kila mahali, kwamba juu ni kwa wenye ofisi. Yule bwana alitazama ile nafasi, akatabasamu. "Umefunzwa adabu, mama," akasema. Nilifurahi wiki nzima.

Mwezi wa nne wakaja watu wenye kamba na vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu. Walipima kutoka jakaranda la kwanza hadi la mwisho. Tukaenda ofisi ya nyumba, watu kumi na wawili, kuuliza. Bwana yule hakubishana. Alifungua faili akaiweka karatasi mezani. Chini ulikuwa mwandiko wangu. Juu, katika ile mistari mitatu, palikuwa pamepigwa taipu: *Wakazi waliokubali uwanja ujengwe maghorofa ya kuuzwa.*

Tukatoka nje hadi kwenye ngazi.

"Kumbe ndiyo masomo hayo," mwanamke mmoja akasema. "Mama Triza ametuuza, tena kwa mwandiko wa kupendeza."

"Muache," Wavinya akamjibu. "Wewe kidole chako kilikatwa? Si ulikiweka mwenyewe?"

Nilirudi ndani peke yangu na daftari langu. Nilimwonyesha bwana yule ukurasa wa kwanza wa majina, ambapo nilikuwa nimejiandikia: *Waliokuja kusikiliza.* Akaupindua kwa ncha ya kidole.

"Hili ni daftari la shule," akasema. "Anayetaka kuondoa jina lake aje mwenyewe, na barua aliyoandika kwa mkono wake, kabla ya kamati kukaa Ijumaa. Lakini mama, waliokubali ndio watakaofikiriwa kwanza nyumba zikipatikana kwingine. Wewe ni namba tatu. Una mtoto mdogo. Fikiria."

Nilifikiria njia nzima. Namba tatu. Patrobas aliposikia aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashika kichwa.

"Mlango wetu wenyewe, Nafula," akasema. "Triza alale mahali pasiponuka mafuta taa. Unajua nimeomba hilo mara ngapi?"

"Najua."

"Basi nyamaza. Hukufanya kosa wewe. Ni wao."

Alikuwa mume mwema na alichokitaka kilikuwa haki yetu. Lakini kila nilipofumba macho niliiona ile mistari mitatu.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa chini ya jakaranda, kigingi kimoja kikiwa hatua mbili kutoka kwangu, nikamwona Mzee Opicho anakuja na kigoda chake. Akakiweka mbali, kama hatua kumi hivi. Mkwe hamsemeshi mke wa mwanawe moja kwa moja kama jambo ni zito, kwa hiyo aliongea na mjukuu wake.

"Triza," akaita. "Mwambie mama yako, babu amepiga kidole gumba miaka thelathini. Kazini kidole, hospitalini kidole. Sasa kidole kimesema jambo ambalo mdomo haukusema. Muulize, je, mtu wa miaka sitini na nne anaweza kufunzwa barua kabla ya Ijumaa?"

Triza alikuwa anakula nyasi. Nilimtoa nyasi mdomoni.

"Triza," nikasema, "mwambie babu anaweza."

Niliandika mfano, nikauweka kwenye nyasi chini ya jiwe, nikarudi nyuma. Yeye akaja akauchukua, akarudi kwenye kigoda. Alipomaliza mstari aliurudisha chini ya jiwe, nami nikaenda kuusahihisha. Tulifanya hivyo kutwa nzima, mbele na nyuma, kama watu wanaocheza. Jikoni kwetu tusingeweza. Katika nyumba yoyote ya mtaa ule tusingeweza.

Jioni walikuwa wamekuja wengine sita. Jumatano walikuwa ishirini, na yule mama wa kwenye ngazi alikuwa mmoja wao. Alikaa mbele kabisa na hakuniangalia, lakini herufi zake zilikuwa nzuri. Niliwafunza jambo moja kabla ya majina: anza juu, mstari wa kwanza kabisa, useme barua yako ni ya nini. Usimwachie mtu.

Alhamisi jioni Patrobas alitoka kazini akanikuta nimebaki peke yangu na karatasi nyeupe gotini. Alichuchumaa kando yangu. Alimtazama Triza, ambaye alikuwa anajaribu kukivuta kigingi kwa mikono miwili, huku anaguna kama mchukuzi wa magunia.

"Andika," akasema hatimaye. "Lakini mimi bado naitaka ile nyumba."

"Hata mimi."

Nikaandika.

Ijumaa tulipanga foleni ofisini, watu arobaini na mmoja. Mzee Opicho alikuwa mbele, amevaa koti lake la kanisani. Karani wa dirishani alimsukumia karatasi ya ofisi.

"Weka jina hapo chini, mzee. Hapo juu acha tu, tutajaza sisi."

Mzee akaisukuma ile karatasi nyuma kwa upole. Akatoa yake mfukoni, akaikunjua, akailaza mezani kwa viganja viwili.

"Hii yangu imeshajaa," akasema. "Soma kuanzia juu."

Karani akasoma: *Naondoa jina langu. Nilikuja kusikiliza. Sikukubali uwanja ujengwe.* Herufi zilikuwa zimelala huku na huku kama watu waliochoka, lakini zilisomeka. Akazipiga muhuri barua zetu moja baada ya nyingine, zote arobaini na moja. Yangu ilikuwa ya mwisho.

Kamati haikutupa uwanja. Ilisema tu kwamba jambo lirudishwe kwa wakazi, waulizwe upya, na vigingi viondolewe mpaka hapo. Wengine waliona kama ni kidogo. Sisi tuliimba njia nzima.

Bado tunalala jikoni. Jana Mzee alipoleta maji ya kuoga nilimbeba Triza nikatoka kama kawaida. Mashimo ya vigingi hayajafukiwa. Triza alitembea kutoka shimo moja hadi jingine, akichungulia ndani, na kwenye kila moja akatia nyasi.