Faili la Wafugaji

Kompyuta ya ofisi ya misaada pale Garsen ilikuwa ikizimika inapotaka yenyewe, na Mumina hakuwa na wa kumlalamikia ila ukuta. Mafuriko ya El Nino yalipokwisha, wenzake walihamishwa mmoja mmoja. Wa mwisho, Asenath, aliondoka Juni ile ya tisini na nane, akamwachia funguo, redio ya mawasiliano na orodha ya watu mia mbili na kumi waliopotea maji yalipofunika bonde la Tana. Orodha yenyewe ilibaki ndani ya kompyuta tu, faili moja kwa kila kijiji na moja la wafugaji. Fomu za karatasi zililiwa na mchwa, na mchwa hana adabu hata kwa majina ya watu.

Mmoja wa hao mia mbili na kumi alikuwa Godhana, mumewe. Mwaka mzima Mumina hakuwa mke wala mjane. Eda hakukaa, maana eda hukaa aliyefiwa, na yeye nani alimwambia amefiwa? Jioni alipika chakula cha mtu mmoja, kikamshinda kukadiria, kikabaki. Upweke wa namna hiyo hauna hata matanga.

Kwanza alidhani ubaya uko kwenye jenereta. Akabadilisha petroli, akapangusa vumbi, akahamisha meza mbali na dirisha. Wapi! Siku mbili mashine inakwenda vizuri, ya tatu inasaga kama meno ya mtu aliyelala, skrini inaganda, kisha giza. Akaita Malindi kwenye redio, kwa fundi Ubeid.

"Dada Mumina, huko kusaga ni diski ya ndani, ile inayohifadhi kila kitu," Ubeid alisema. "Lakini huenda imeharibika mahali pamoja tu. Kila ikizima andika saa, na ulikuwa ukifanya nini. Ova."

Akaandika wiki mbili. Jumatatu asubuhi akamsomea daftari: Jumanne saa nne, sikuwa nafanya kitu. Alhamisi saa nane, sikuwa nafanya kitu. Jumamosi, vilevile.

"Dada, kompyuta haizimi kwa mtu asiyefanya kitu. Ulikuwa umefungua nini? Ova."

Sasa, redio ya ofisi si simu. Hola walikuwa wanasikia, na Lamu, na kila karani aliyeshika kikombe cha chai pwani nzima. Uso ukamwaka moto Mumina. Uongo ule alikuwa ameuandika kwa mkono wake mwenyewe.

"Nafungua faili ya wafugaji," alisema. "Nikizidiwa na mawazo, nafungua. Nasoma jina ya bwana yangu, nafunga. Basi. Ova."

Akalifunga daftari.

"Pole, dada," Ubeid alisema. "Basi ni hapo. Ukilifungua faili hilo unaitonesha diski kidonda, na siku moja itaondoka na orodha nzima. Usiliguse tena. Nakili mafaili mengine kwenye disketi, kisha uendeshe programu ya kukagua diski. Itapatia alama mahali pabovu na kuparuka. Lakini faili hilo usilitarajie. Ova."

"Hakuna njia ingine?"

"Hakuna, dadangu."

Aliumia. Kumbe kila alipomkumbuka mumewe alikuwa akihatarisha majina ya waume wa wenzake! Alinakili watu wa Golbanti, wa Tarasaa, wa Chewele, watu mia moja tisini na tisa. Kisha akaanzisha ukaguzi. Ulitambaa, ukakwama, ukasaga, ukapita. Alipolifungua faili la wafugaji alikuta takataka zisizosomeka.

Wafugaji walikuwa kumi na mmoja. Kumi aliwaandika upya bila kusita, maana alikwisha kuwahifadhi kwa kuwapitia kila alipotafuta jina la mumewe. Akabaki Godhana. Maneno ya zamani yalikuwa ya Asenath: "Hajulikani alipo." Hayo ndiyo aliyokuwa akiyasoma mwaka mzima na kurudi nayo nyumbani. Leo Asenath hayupo, na mwandishi ni yeye.

Jina, akaandika. Alipoonekana mwisho: akivusha ng'ombe kwenda mwinukoni. Maelezo: "Ng'ombe wake walirudi siku ya tatu bila yeye."

Akasita. Aliisoma sentensi hiyo kama ameletewa na mwanamke mwingine hapo mezani. Huyo mwanamke angemwambia nini? Mfugaji wa Kiorma haachi ng'ombe warudi peke yao akiwa hai. Hata mtoto anajua. Na yeye alijua tangu asubuhi ile alipowafungulia zizi, akawahesabu wote, akatazama nyuma yao.

Alilia mpaka jenereta ikaishiwa petroli. Akaijaza, akawasha mashine, akaandika tena mstari ule na mbele yake neno moja: "Amefariki." Akauhifadhi kwenye disketi mbili, akaita Malindi.

"Kaka Ubeid, orodha yote iko kwa disketi. Tafuteni karani mwingine. Mimi kesho siko. Ova."

"Unaenda wapi, dada? Ova."

"Naenda nyumbani kukaa eda."