Mkwe Aliyerudi kwa Bodaboda

Hellen alikuwa akigeuza mpunga uani kwake, kijijini Ngonga, bodaboda iliposhusha mwanamke wa Kizungu. Macho hayajamwona vizuri, miguu ikawa imeshamkimbiza Hellen migombani, kama mke wa Kinyakyusa anavyomkwepa baba mkwe. Kivuli cha mgeni kilikuwa cha mzee mfupi mwenye jembe begani: baba mkwe wake mwenyewe, marehemu Mzee Ambwene.

"Baba amefika," alisema Hezroni, mumewe, akatoa kiti.

Mgeni, Elizabeth, alikohoa kikohozi cha mzee, kisha akaeleza. Watafiti waliwahi kumtoa mzee damu pale zahanati bila kumwambia ya nini. Mzee alizaliwa na seli mundu, lakini damu yake ilikuwa na kinga, ugonjwa haukuwahi kumlaza. Huko Ulaya wakainakili kinga ile, wakatengeneza tiba ya vinasaba. Elizabeth, mgonjwa wa damu tangu utotoni, akapona. Alikuja kushukuru.

"Hezroni, muulize," Hellen alisema kutoka migombani, "na Prisca je?" Prisca, binti yao, alirithi ugonjwa wa babu bila kinga yake.

"Nimewaandikia," Elizabeth alijibu. "Wanasema tiba ni mali yao, na huku hawaileti."

Jumapili wazee wa kanisa walimsogezea nafasi kwenye benchi lao, alipozoea kukaa marehemu. Jirani yao Rut alinong'ona tu kwamba mzee amepauka mno, sijui huko walikuwa wakimlisha nini. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Mchungaji Gwamaka, na watu wakaitikia amina.

Siku ya kuaga, Prisca alikuwa mkekani, magoti yanamuuma. Kivuli kiliweka jembe chini, kikakaa naye.

Hellen alikuwa na jambo moyoni. Prisca alipolazwa mara ya kwanza, mzee aliuza ng'ombe wake wa mwisho ili atibiwe, na mkwe hasemi na mkwewe hata kwa shukrani. Sasa alijifunika kanga usoni, akageukia ukuta.

"Ndaga fijo, tata," akasema. Asante sana, baba. Machozi yalimtoka kwa furaha.

Elizabeth, asiyejua Kinyakyusa, alimjibu kwa Kinyakyusa kwamba hata leo angemuuza tena yule ng'ombe. Kisha akapanda bodaboda, kivuli kikakaa nyuma yake.

"Mama, babu amepona?" Prisca aliuliza.

"Amepona kabisa, tumshukuru Mungu," Hellen akajibu, akabandika maji ya kumkanda magoti.